Ulimi wa Mnadi

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu Wembe,

Barua za watu huanza na "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Safari hii tubadilishane. Mzima uwe wewe, hofu nibaki nayo mimi.

Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana mimi na wewe ni watu wa simu. Lakini simu ya nyumbani kwetu ni moja, na msomaji wa ujumbe ni mke wangu, kwa sababu herufi zile ndogo siku hizi naziona kama sisimizi. Naye akisoma, anasoma kwa sauti hadi jirani anajibu. Kwa hiyo majibu yako yatume kwenye sanduku la posta la ukumbi wa mnada, na simu usipige kabisa.

Nina kidonda ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto. Kilianza kama cha mtu aliyejing'ata. Nikasukutua maji ya chumvi, nikanunua dawa ya kupaka, nikakinyamazia kama unavyomnyamazia mgeni ili aage mwenyewe. Hakikuaga. Mwishowe nikaenda hospitali, daktari wa upasuaji akanikata kipande kidogo kama punje ya mchele, kikapelekwa maabara. Majibu yametoka. Nakunakilia yalivyo: "Visiwa vya epithelia vimeonekana ndani ya tishu unganishi. Saratani iliyovuka mpaka wa chini." Mpango ni kuondoa karibu nusu ya ulimi, Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Daktari aliniambia kwa upole sana, na huo upole ndio ulionitisha.

Wewe kazi yako ni kukata vipande vya watu na kuvipaka rangi vionekane kwenye hadubini. Nieleze maneno hayo kwa lugha ya sokoni. Epithelia ni nani, tishu unganishi ni nani, na huo mpaka uliovukwa ni wa nchi gani?

Husemwa ulimi hauna mfupa. Wangu sasa unatakiwa ukose na nyama. Mpwa wangu, mimi ni mnadi. Kwa mdomo huu nimeuza makabati, vitanda, mashine za kushonea, hata kinanda kisicholia. Pale ukumbini wananiita Kengele na wengi hawanijui kwa jina jingine. Kengele isiyo na ulimi ni sufuria.

Mama yako usimwambie. Mke wangu ndiyo kabisa, usithubutu.

Mjomba wako,
Kengele


Ijumaa, 7 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nitakujibu ulichouliza, kwa sababu najua nisipokujibu utawauliza wenzako wa mnadani, nao watakuambia unakufa kesho.

Fikiria kochi, maana makochi unayajua kuliko mimi. Juu kuna ngozi, ndani kuna sponji, springi na kamba. Mwili nao uko hivyo. Epithelia ndiyo ngozi ya juu, ila haifuniki nje peke yake. Imefunika mdomo kwa ndani, koo, utumbo, kibofu, kila mahali penye uso. Seli zake zimebanana bega kwa bega, hata sindano haipiti. Kazi yake ni kulinda, na mahali pengine kufyonza chakula au kutoa majimaji kama mate. Inachakaa na kujijenga upya kila mara, ndiyo maana ukijing'ata leo, baada ya siku chache umesahau. Lakini haina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula chake inaletewa kutoka chini.

Huko chini ndiko iliko tishu unganishi, na tabia zake ni kinyume. Seli ni chache, zimekaa mbalimbali, na katikati yake kuna nyuzi, mishipa ya damu na neva. Hiyo ndiyo inayoshika, inayobeba na kulisha. Mafuta, gegedu na mfupa ni ndugu zake, na wataalamu wanaiingiza hata damu katika ukoo huo, usiniulize leo kwa nini. Kati ya hizo mbili kuna utando mwembamba sana, kama bitana ya koti. Huo ndio mpaka. Seli za juu zikibaki juu ya utando, hata zikileta fujo, ni fujo za nyumbani. Zikiutoboa zikashuka kwenye mishipa, zinaweza kusafiri. Maabara yenu inasema imeziona zimeshuka. Sitakudanganya, Mjomba. Maneno yale ni mazito.

Sasa fanya jambo moja. Kile kipande chako hakikutupwa. Kimegandishwa ndani ya nta, kijibonge kama kipande cha sabuni, na kimehifadhiwa. Unayo haki ya kuomba kisomwe mara ya pili. Mwambie daktari wako, akitume kwetu pamoja na vioo vyake vya hadubini. Hatachukia, wao wenyewe huombana hivyo kila siku.

Jambo lingine ulijue mapema. Kwetu kuna mwiko: fundi hashiki tishu ya ndugu yake. Jicho linalopenda huona linachotaka. Kijibonge kikifika atapewa fundi mwenzangu, na msomaji atakuwa daktari wetu wa tishu, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona akicheka akiwa kazini. Mimi nitasubiri mlangoni kama wewe.

Siri yako nimeipokea, ila siipendi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mpwa wako,
Wembe


Jumapili, 9 Machi

Mpwa wetu mpendwa,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu nikiishika tu, mjomba wako ananikodolea macho. Usimwambie nimekuandikia.

Mwezi uliopita dada zangu walikuja kututembelea. Mjomba wako akawa anawasimulia jinsi alivyouza kabati lisilo na mlango, na unajua anavyosimulia, vikombe vinatetemeka. Nikamwambia mbele yao, "Baba, punguza sauti, hapa si mnadani." Wakacheka. Naye akacheka. Mimi nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu siku zile amenyamaza. Nikimuuliza ananijibu kwa kichwa. Chai anaiacha ipoe ndipo anywe, chakula anakichokonoa na kusukuma sahani. Juzi alinipa ufunguo wa kabati lake la nyaraka, akasema, "Kaa nao wewe." Kwa nini nikae nao? Mtu anayekabidhi funguo anakwenda wapi? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nasubiri huo mshindo nikiwa nimekunja mabega.

Miaka yote niliyokaa naye nilikuwa naomba walau siku moja ya utulivu. Sasa nimepewa utulivu wa kumwaga na siutaki. Jana nimejikuta naongea peke yangu jikoni, najiuliza na kujijibu, ili nyumba isikike ina watu.

Wewe anakusikiliza. Mchokoze kidogo ujue nilimkosea kiasi gani. Kama ni kuomba radhi mbele ya dada zangu, nitawaita tena, nauli nitalipa mimi.

Mkaza mjomba wako


Alhamisi, 13 Machi

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Mjomba hajakukasirikia. Hilo nakuapia.

Zaidi ya hapo sina ruhusa, na ukinibana nitaanza kusema uongo, nao uongo wangu unaujua, huwa hauvuki mlango. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimuulize umemkosea nini. Muulize anaumwa wapi.

Mpwa wako


Jumamosi, 15 Machi

Wembe,

Jina lako limekukaa, maana umenichana. Mke wangu alinisimamia jana kwenye mlango wa bafu, mikono kiunoni, akaniuliza, "Unaumwa wapi?" Si "una nini," si "vipi." Unaumwa wapi. Hayo ni maneno ya mtu aliyefundishwa, na mwalimu namjua.

Nikamwambia jino. Si uongo mtupu, lipo jino upande huo lililovunjika ukingo tangu mwaka jana, linakwaruza kila nikifungua mdomo, na kwa kazi yangu mdomo haufungwi. Akaniangalia. Akasema, "Jino ndilo limekunyima hata kunisalimia?" Akaondoka zake, na mimi nikabaki na mswaki mkononi.

Kijibonge kimetumwa kwa gari la vifurushi, kesho kutwa kitakuwa kwenu. Ulisema kweli, daktari hakuchukia. Alisema afadhali aambiwe amekosea kuliko akate bure. Mtu wa maabara alikifunga kwa pamba, akaniruhusu nikishike. Kidogo mno, mpwa wangu. Nikajiuliza, kitu kisichotosha kumshibisha siafu ndicho kimenikalia kichwani namna hii?

Nilimuuliza daktari nusu ya ulimi inaweza kusema nini. Akasema watu hujifunza upya, na baada ya muda hueleweka. Hueleweka. Mimi sikuzaliwa nieleweke, nilizaliwa nisikike. Na si mnada peke yake. Naona siku ninamwita mke wangu kutoka chumbani, naye anasimama mlangoni akikisia: maji? shuka? dirisha? Naye kwa kukisia hana subira, wala mimi.

Naogopa. Neno hilo sijamwambia mtu tangu niote ndevu. Niandikie mara tu mtakapoona kitu.

Mjomba wako


Jumapili, 23 Machi

Mpwa wangu,

Nimekwenda sandukuni kila siku hadi karani wa posta ananipungia mkono wa hapana kabla sijafika kwenye ngazi. Basi, nimekuelewa. Wewe ukiwa na habari njema huwezi kulala nayo, tangu ukiwa mtoto ulikuwa unatuambia zawadi kabla hatujaifungua. Ukinyamaza, kuna jambo. Usijitese kutafuta maneno ya kuniambia. Nimeshayasikia.

Jana nimemwambia mke wangu. Nilimkalisha kitandani mchana, nikamweleza yote, kidonda, kijibonge, Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alichoniuliza ni hiki:

"Kwa hiyo hukunikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi?"

"Yale niliyokuambia mbele ya dada zangu."

"Yapi hayo?"

Mpwa wangu, sikuyakumbuka hata kidogo. Ndipo alipolia. Akalia, akanipiga na mto, akalia tena. Mwezi mzima tumelala kitanda kimoja, kila mtu na msiba wake, na kati yetu ni shuka tu.

Alipomaliza kufuta uso, akasema, "Basi piga mnada."

"Mnada gani?"

"Wa humu ndani. Piga nikusikie."

Nikaanza na pazia. Likaenda kwa bei ya aibu. Feni hakuitaka, alisema inalia kama mimi. Nilipofika kwenye kabati la nguo alikuwa mnunuzi peke yake, na bado akajipandia bei mwenyewe mara mbili, nikamwambia mama, hushindani na mtu. Akasema, "Endelea tu." Nikaendelea hadi ulimi ukatoa damu, na yeye ndiye aliyeniambia tupumzike.

Alhamisi asubuhi naingia chumba cha upasuaji. Usijilaumu kwa lolote.

Mjomba wako


Jumanne, 25 Machi

Mjomba,

Kama umeniandikia wiki hii, barua zetu zinapishana njiani. Mchana huu nimevunja amri yako nikapiga simu. Alipokea mkaza mjomba. Nikasema, "Mwambie si saratani," nikasikia kishindo, simu ikakatika, na tangu hapo haipokelewi. Daktari wetu naye ameshazungumza na daktari wako, na ile nafasi ya Alhamisi imefutwa. Kwa hiyo habari unayo tayari. Haya ninayoandika ni jinsi ilivyokuwa, maana najua utaitaka hadithi nzima, na utaipeleka mnadani.

Si saratani. Naandika tena kwa sababu inanipendeza kuiandika.

Kifurushi kilipofunguliwa, fundi mwenzangu alikiinua kijibonge kwenye mwanga, nami nilikuwa nyuma ya bega lake. Nilipaswa kugeuka. Sikuwahi. Kwa macho haya bila hadubini nikaona kwamba kipande chako kilikuwa kimelala.

Nikueleze. Sisi tukiweka kipande chenye uso ndani ya nta ya moto, tunakisimamisha ubavuni, ili wembe wa mashine upite kutoka juu hadi chini na msomaji aone kila kitu mahali pake: epithelia juu, utando, tishu unganishi chini. Chako kilikuwa kama mkeka sakafuni. Si uzembe. Kipande kikiwa kidogo namna ile na kimelowa dawa, juu na chini vinafanana, na nta inaganda upesi.

Sasa rudi kwenye kochi, lakini lile la vifungo. Ngozi yake haiko tambarare. Kila penye kifungo inadidimia ndani ya sponji. Epithelia ya ulimi nayo ina mizizi inayodidimia hivyo kwenye tishu unganishi, ili zishikane zisichubuke ovyo. Mahali panapokwaruzwa muda mrefu inakuwa nene zaidi, na mizizi inarefuka. Chukua kisu kirefu, likate kochi hilo kwa mlalo, chini kidogo ya uso. Utaona sponji, na ndani ya sponji visiwa vya ngozi. Asiyejua kisu kilipita wapi ataapa kwamba ngozi imetoroka kwake.

Nilijua hilo linawezekana. Linawezekana tu, Mjomba. Inawezekana pia kipande kimelala na saratani imo humo humo. Ningekuandikia siku ile ungejenga ghorofa juu ya neno "huenda," na kama ningekosea, ningekuwa nimekuua mara mbili. Nikafunga mdomo, nikaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi. Kimya changu kilikuwa woga, si habari mbaya. Nilijua utakisoma vibaya, na bado sikuweza kuandika.

Waliyeyusha nta, wakakigeuza kipande, wakakisimamisha, wakakata upya. Mashine iliharibika katikati na tukangoja fundi wake, ndiyo sababu ya siku zote hizo. Daktari alisoma, akaagiza rangi ya pekee inayoonyesha utando, akasoma tena, akampa mwenzake naye asome. Daktari wa maabara yenu alitumiwa vioo vipya, akakubali mara moja, na alivyoshukuru kwenye simu ungedhani ulimi ni wake. Baada ya sahihi zote kuwekwa, ndipo nikaitwa nami nitazame.

Juu zambarau, chini waridi, na katikati utando mzima kutoka upande hadi upande, bila tundu. Kila seli iko kwao. Nimekuwa nikitazama vioo miaka yote hii na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nikatoka nje ya maabara, nikalia nimeegemea ukuta. Yule daktari wetu asiyecheka akanifuata, akanipa leso yake, akasema niirudishe imefuliwa.

Kinachokuumiza ni lile jino. Ukingo wake umekuwa ukikwaruza mahali pamoja kila unapotaja bei. Nenda likasawazishwe wiki hii, kisha baada ya wiki chache daktari wako akutazame. Kidonda kikigoma kufunga, atachukua kipande kingine, kwa hiyo usipange sherehe kabla hajakuona. Lakini lala. Leo lala usingizi wa mtu.

Na mwambie mkaza mjomba kila kitu, kama hujamwambia.

Mpwa wako,
Wembe


Jumapili, 20 Aprili

Mpwa wetu,

Ulisema ulisikia kishindo kwenye simu. Kilikuwa ni mimi. Mjomba wako alitoka bafuni na povu usoni, akanikuta nimekaa sakafuni, simu iko chini ya meza, akadhani nimeanguka kwa ugonjwa. Nikawa nasema "si yenyewe, si yenyewe," naye ananiuliza si yenyewe nini, hadi yule daktari wa upasuaji alipokuja kumpigia. Aliipokea mwenyewe. Alisikiliza, akasema "asante daktari," akaniwekea simu mapajani, kisha akaenda kusimama dirishani na povu lake. Alisimama mpaka likakauka.

Jino limesawazishwa siku ya pili yake. Juzi tumekwenda kwa daktari pamoja, sikumwacha aende peke yake. Akamtazama ulimi kwa taa, akaugeuza huku na huku, akaniita nami nitazame. Kidonda kimefunga. Panaonekana alama nyeupe kidogo tu. Daktari akasema ngozi mpya imejijenga yenyewe, nikamwambia epithelia, akanigeukia. Nilisoma barua zako zote, usidhani.

Mnadani amerudi. Habari ya kochi anamsimulia kila mtu, na kila akisimulia kile kisu kinarefuka. Wewe kwenye hadithi hiyo umeshapandishwa cheo mara tatu. Mama yako naye ameambiwa, na amenuna kwa sababu alifichwa, kwa hiyo jiandae, zamu yako inakuja.

Mimi na yeye tumepeana ahadi. Mwenye maumivu atayataja, na asiye nayo asijitungie kosa. Jana nimemwambia goti linaniuma, akaniletea kiti kabla sijamaliza sentensi. Tutaona itadumu hadi lini, lakini tumeanza.

Nakuandikia nikiwa jikoni. Yuko nje uani na fundi bomba, wanabishana bei, na sauti yake inafika hadi nyumba ya pili. Fundi wa watu ameshapunguza mara mbili na bado anaambiwa hajaanza. Nilikuwa naosha vyombo, maji yanapiga kelele kwenye karai. Nimefunga bomba ili nimsikie vizuri.

Mkaza mjomba wako